Kigae Nilichomnyima Mzoavigae

Siku Mzoavigae alipokuja kumchukua Subilaga, jua lilisimama katikati ya mbingu kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Halikusogea mbele, halikurudi nyuma. Vivuli vya watu vilijikunja chini ya nyayo zao, na kuku wa Subilaga walisinzia wima uani, jicho moja wazi. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo mmoja wa mlango na miguu nimeinyoosha hadi mwimo wa pili, ili anayetaka kuingia aniruke. Kumruka mwanamke mzee ni mwiko katika nchi ile, hata kwake yeye.

Jina la nchi ile siwezi kuwatajia, wajukuu zangu, kwa sababu hubadilika kila anapolia mtu mpya. Lakini sheria yake haibadiliki, na kila mtu anaijua kabla hajaota meno: kilichovunjika ni cha Mzoavigae. Chungu kikipasuka, unaweka vigae vyake nje ya mlango. Anapita na gunia lake, anaita, "Kuna kilichovunjika humu?" Unajibu, "Kipo, chukua." Anachukua. Ilianza na vyungu, ikaja mitungi, wakaja watu. Maana watu wa nchi ile wakikaribia mwisho wao huota ufa. Huanzia penye mtulinga chini ya shingo, mwembamba kama unywele, ukashuka polepole, na siku unapoufikia moyo, yeye yuko mlangoni. Haingii mpaka ajibiwe.

Hilo ndilo lililonikalisha pale. Kufa, Subilaga angekufa. Hakuna aliyebishia hilo, hata yeye mwenyewe. Lakini kuna kufa na kuna kutolewa. Aliyejibiwa "chukua" huingia guniani anatetemeka, macho yamemtoka, na akishaingia hakuna anayetaja habari zake kwa sauti. Niliwaona wengi wakienda hivyo, wengine watu wa sala kabisa. Nilikuwa nimeapa kwamba huyu mmoja haendi hivyo, na kwamba neno lile halitatamkwa ndani ya nyumba hii nikiwa na pumzi.

"Kuna kilichovunjika humu?"

Alikuwa mrefu, msafi, shati limenyooshwa kwa pasi, kucha nyeupe. Kucha zile ndizo zilizoniudhi. Mtu anajiita mwenye vyungu vyote vilivyovunjika duniani, naye hajashika udongo hata siku moja.

"Kipo," nikasema. "Lakini si chako."

Akanitazama kama mtu aliyesalimiwa kwa salamu asiyoijua. "Bibi, haijibiwi hivyo."

"Najua inavyojibiwa. Nimeisikia tangu niko mgongoni kwa mama."

"Basi jibu vizuri niondoke. Nina nyumba nyingi leo."

"Anza na hizo. Sisi hatuna haraka. Jua lenyewe unaliona limesimama."

Akatua gunia lake, akatazama huku na huku, akakalia kinu cha Subilaga kilichokuwa kimeinamishwa uani. Katika nchi ile hata mtoto mdogo hakalii kinu.

"Hukufundwa na mama yako?" nikamuuliza.

"Sina mama."

"Inaonekana."

Ndani nikasikia kicheko, kisha kikohozi kikikifukuza kicheko. Subilaga alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na ukuta, ufa wake umeshapita titi la kushoto. Binti yake Lugano, mwanamke mwenye wajukuu wake mwenyewe, alikuwa akimpepea kwa kipande cha ungo uliochakaa. Siku tisa hajalala vizuri. Akaja akachuchumaa nyuma yangu, akaninong'oneza sikioni.

"Mama mdogo, mjibu tu. Mama amechoka. Majirani wanasema tunamtesa."

Subilaga akamsikia. Masikio yake yalikuwa ya mwisho kuzeeka. "Nani amechoka? Mimi nimelala tu. Wewe ndiye umechoka, mwanangu, na hao majirani wanataka wali wa msiba." Akavuta pumzi. "Tupo, huyo mtu amevaa viatu?"

Jina langu ni Tupokigwe, lakini yeye alikuwa na haki ya kulikata. "Amevaa, dada."

"Mwambie sakafu nimeisiriba juzi."

Juzi ile ilikuwa miezi mitano iliyopita, lakini katika nchi ile juzi ni mahali, siyo siku. Unaweza kurudi ukachukua kitu ulichosahau. Nikadhani yuko imara. Kisha mkono wake ukatambaa sakafuni mpaka kwenye pindo la kitenge changu, ukalishika, ukalikaza.

"Tupo. Naogopa."

"Unamwogopa huyu wa kucha nyeupe?"

"Siye yeye. Kuna kitu."

Sikumuuliza, kwa sababu kitu hicho nilikijua, na kilikuwa katika pindo lilelile alilolishika, nimekifunga fundo, kidole kimoja kutoka kiganjani mwake.

Niacheni kwanza niulize swali ambalo katika nchi ile halikuulizwa. Nani alimpa? Watu wamemjibu baba kwa mwana, wamemjibu kwa kilio, kwa nyimbo, kwa majeneza ya mbao nzuri zilizorandwa, na hakuna aliyemwambia, hebu tuone alikokuandikia mwenye udongo kwamba kilichovunjika ni chako. Mamlaka yake yote yamo katika jibu letu. Ondoa jibu, anabaki mtu mrefu mwenye gunia amekalia kinu cha watu. Na sisi wafinyanzi tunajua jambo ambalo yeye halijui, maana hajawahi kufinyanga. Udongo mpya peke yake hauwezi moto. Uwe laini kama siagi, uwe umeukanda mpaka mabega yakaomba msamaha, ukiuchoma peke yake utapasuka kwa sauti ya mtu anayetukana. Ndiyo maana mfinyanzi hutafuta kigae cha chungu kilichokufa, kile ambacho moto umeshamaliza nacho hasira zote, akakisaga kikawa unga, akauchekecha, akauchanganya na udongo mbichi. Unga ule umeshaujua moto. Unaingia katikati ya udongo mchanga na kuushika mkono. Kila chungu kizima mnachokiona jikoni kina chungu kilichovunjika ndani yake. Kwa hiyo tulikuwa tunamwibia. Mafundi wote wa nchi ile, wanawake wa kanisa, wenye heshima zao, walikuwa wanaficha vigae chini ya vitenge akipita. Tulimjibu "chukua" kwa mdomo, na kwa mkono tukabakiza. Hatukujua kwamba ile ilikuwa imani. Tulidhani ni ufundi tu.

Nikamgeukia pale kwenye kinu. "Hilo gunia lako, kiraka cha chini alikishona nani?"

Akasogeza mguu, akakifunika. "Limechakaa tu."

"Limechakaa, au lilipasuliwa?"

Nikajibu mimi mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Kulikuwa na Ijumaa moja. Mwana wa Mfinyanzi alishuka akawa chungu kama sisi, udongo uleule wa bondeni, wakamvunja kwa makusudi mbele za watu, na nchi nzima ikakujibu kwa sauti moja, kipo, chukua. Ukamtia humo, ukaondoka unapiga mluzi. Asubuhi ya tatu gunia likawa halina chini. Mimi kanisani nilifundishwa kumwita Yesu, na sioni kwa nini nimfiche kwa mafumbo wakati wewe umekaa hapa mchana kweupe. Tangu siku ile unashona, nako kunaachia. Unashona, kunaachia. Unatembea nyumba kwa nyumba na gunia lenye tundu, unatutisha nalo."

Lugano alikuwa ameacha kupepea. Nikaona nimeshinda. Mtu anayejiona ameshinda hukaa vibaya, hata mgongo wangu ulikuwa umeteleza kidogo kwenye mwimo.

Mzoavigae hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Ni kweli," akasema. "Vilivyovunjika wazi vinaniponyoka. Ufa ulioonyeshwa una mwenyewe, sigombani naye. Lakini kuna ufa uliozibwa kwa nta, bibi, ukapakwa masizi, ukaitwa uzima. Huo sikuuzoa mimi. Huo nililetewa. Muulize rafiki yako kama nasema uongo."

Nikageuka. Subilaga alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Nta gani, mama?" Lugano akauliza. "Mama, anasema nini huyu?"

Hapo ndipo barabara iliponileta.

Nilijiona nakuja. Nilikuwa na miaka kumi na minane, kitambaa cheupe kichwani, na juu ya kitambaa chungu kipya cheusi kinachong'aa kama jicho la ng'ombe. Nilipita mbele ya Mzoavigae nisimwone. Nilipita karibu na mwanamke mzee aliyekaa kizingitini, nikampigia goti, nikasema shikamoo, naye akashindwa kuniitikia.

Siku ya tatu ya ndoa, bibi harusi hupika mbele ya wakwe. Ndiyo desturi. Chungu kipya, mafiga mapya, moto anauwasha mwenyewe. Wifi zangu wamekaa mstari, mama mkwe kwenye kigoda. Maharage yanaanza kuchemka. Nafurahi. Nakumbuka kwamba nilifurahi.

Kisha mlio mdogo tu.

Kisha maji yote motoni, mvuke, majivu usoni, moto umezimika fu.

Mkono unaozima moto. Mama mkwe alisema hivyo, hakupaza sauti. Mkono unaozima moto haulei nyumba. Kabla jua halijainama nilikuwa njiani kurudi kwa baba, mkeka wangu kichwani badala ya chungu. Nyuma yangu Mzoavigae alikuwa mlangoni pao anaita, nao wanamjibu. Alikusanya vyote, akakosa kimoja. Hicho nilikuwa nacho mimi. Nilikiokota kwenye majivu cha moto, kikaniunguza, sikukiachia, na njiani nilipokinusa ukingoni kilinukia asali. Nta ya nyuki. Aliyekifinyanga aliuona ufa kabla ya kukitoa. Akauziba, akapaka masizi, akanitazama machoni, akaniambia, nenda mwanangu, ukalishe ukoo.

Subilaga ndiye aliyekifinyanga.

Nilikuja kuolewa tena baadaye, na mgane mmoja mwenye kifua kibovu aliyenipa watoto watatu na kucheka kwingi. Sikuharibikiwa. Lakini mwaka uleule niliorudishwa nilikwenda kwa Subilaga nikamwomba anifundishe ufinyanzi. Akanipokea. Alinipa gunzi la kulainishia lililokuwa la mama yake, akanionyesha bonde la udongo mzuri, akanilisha. Miaka hamsini na mmoja tulikaa mabega kwa mabega, tukachoma vyungu pamoja, tukaimba sauti ya pili pamoja kanisani, akanizalisha mtoto wangu wa tatu, Andwele, kwa mikono yake. Na kigae kilikuwa pindoni. Kila siku. Nilikuwa nasubiri aseme.

"Tupokigwe," Mzoavigae akaniita. Sauti yake ilikuwa na upole wa mtu wa nyumbani. "Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukushukuru. Mimi ningekitia guniani, na gunia unalijua, kingeponyokea njiani. Wewe umenitunzia. Kimevunjika vilevile, kina makali vilevile, kinanukia vilevile, nusu karne na zaidi. Kazi yangu ni ipi nyingine kama si hiyo? Wewe na mimi ni watu wa kazi moja. Nipishe mlangoni."

Naandika mambo haya ili nisiyaseme mara mbili. Kanisani walikuwa wakinisimamisha kama mfano. Mtazameni mama Tupokigwe, saburi yake, alirudishwa kwao kutoka kwenye ndoa na hakumsema mtu. Nami nilikuwa nainamisha macho, wakadhani ni unyenyekevu. Lakini mtego nao unasubiri. Mtego haupigi kelele, hausengenyi, haulali, unavumilia mvua na umande, na ukiutazama kwa mbali utasema, kitulivu kilichoje kitu hiki. Niliimba na Subilaga nikisubiri. Nilikula kwake nikisubiri. Hata pale kizingitini, nitasema kweli, sikuwa nimekuja kumlinda peke yake. Nilikuja pia nione kama atatamka kabla hajakata roho, na asipotamka nimwonyeshe kigae aende nacho machoni. Kuna saburi inayosubiri mtu aanguke na kuna saburi inayosubiri mtu aote kama mbegu. Kwa nje zina uso mmoja, kama chungu kizima na chungu chenye nta. Moto ndio unaovitenganisha. Na moto ulikuwa umenifikia mimi kabla ya Subilaga, mimi niliyekuwa naulinda mlango.

Nikaikunja miguu. Mlango ukabaki wazi. Lakini sikutoka nje kumpisha. Niligeukia ndani.

"Dada," nikasema, na nikafungua fundo.

Kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja cha mtoto. Subilaga hakugeuka kwa macho. Aligeuka kwa pua. Harufu ya asali ilijaa chumba, kama imefungwa jana.

Alikitazama. "Ulikuwa unajua," akasema.

"Tangu siku ile."

"Wakati nakufundisha kukanda, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Wakati Andwele anaumwa surua tunamkesha wote wawili."

"Nilikuwa najua, dada."

Akafumba macho. Ufa ukasogea kidogo. Niliusikia, kama kijiti kinachovunjwa mbali. "Nilikuwa nimejisifu kisimani," akasema, "kwamba tangu nianze kufinyanga sijapasuliwa chungu na moto. Wenzangu wote walinisikia. Kesho yake nafukua majivu, naona ufa kwenye chungu chako. Wewe na baba yako mko njiani kukifuata. Niliona haya, Tupo. Ni haya tu. Hakukuwa na shida nyingine, hakukuwa na njaa, nisikutungie. Nikayeyusha nta. Nikasema Mungu atakishika. Nikamfanya Mungu gundi." Machozi yalimtoka upande mmoja tu. "Ulipokuja kwangu kujifunza nikasema nitamwambia leo. Kila ulipokuja, nikasema leo. Nilikuwa nakupenda, nikaogopa utaondoka."

"Ningeondoka."

"Najua."

"Na mimi nina langu," nikasema. "Sikukitunza kwa mapenzi. Nilikitunza nikuchome nacho. Watu wameniita mvumilivu na mimi nilikuwa nimekaa kama nyoka juu ya yai lisilo lake. Nisamehe, dada."

"Nyoka hakai juu ya yai, Tupo. Analimeza."

"Basi mimi nilishindwa hata kumeza."

Akacheka, na ufa ukamwuma, akacheka tena. Lugano alikuwa analia kwa kanga mdomoni, maana kisa hiki chote alikuwa akikisikia kwa mara ya kwanza, na maisha yake yote alijua sisi ni ndugu.

"Nimekusamehe kabla hujamaliza," Subilaga akasema. "Wewe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno halikuja. Nilikuwa nimelisema mara nyingi mno kwa mdomo, siku za kushiriki meza ya Bwana, limechakaa. Mikono yangu ikajua kabla yangu.

"Lugano," nikasema, "mwondoe huyo mtu kwenye kinu."

Lugano alinitazama, akamtazama mama yake. Yule aliyekuwa ananinong'oneza nijibu vizuri akajifunga kanga kiunoni, akatoka uani, akasimama mbele ya Mzoavigae, jua limewapiga wote wawili utosini.

"Baba, inuka. Kinu kina kazi."

Sidhani kama aliwahi kuambiwa hivyo. Watu humwambia ondoka, humwambia subiri, humwambia kwa nini. Hakuna aliyewahi kuhitaji kitu alichokikalia. Akainuka. Lugano akakipangusa kinu pale alipokuwa amekaa, akakiingiza ndani pamoja na mchi, akakisimamisha kando ya mkeka.

Nikatumbukiza kigae. Nikatwanga. Pigo la kwanza lilinijia kama naupiga uso wangu wenyewe wa miaka kumi na minane, na yule bibi harusi, ambaye muda wote alikuwa amesimama pembeni na mkeka wake kichwani, akaruka. Pigo la pili, la tatu. Kigae kilichokataa kulainika miaka hamsini na mmoja kikakatika vipande viwili, vinne, vikaanza kuimba kama mchanga. Subilaga akanyoosha mkono. Nikamshikisha mchi, mkono wangu juu ya wake, tukapiga pamoja mapigo matatu ambayo yasingeua hata mdudu. Lakini alipiga. Harufu ya asali ikapanda mara moja, ikatoka kupitia dirishani.

Hapo nilikuta nimeshamsamehe. Sikuliona neno likiingia. Lilikuwa limekaa tu, kama mtu wa nyumbani.

"Kuna kilichovunjika humu?" Mzoavigae akaita kwa mara ya mwisho. Alikuwa amesimama kizingitini, mlango uko wazi.

Lugano akafumbua mdomo. Mama yake akamzuia kwa kidole, akajibu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ile ya kisimani, ya msichana anayejisifu.

"Hakuna. Kimesagwa."

"Vumbi ni langu pia," akasema. "Mwisho wa vyote ni vumbi."

"Mwisho wako wewe," Subilaga akasema. Alichota unga wa kigae, akamwonyesha kiganjani. "Mwenye udongo siku ya kwanza alianza na nini? Si na hili? Unatuleta mpaka hapa unadhani umetumaliza, na hapa ndipo mkono wake unapoanzia. Umekuwa ukimpelekea malighafi siku zote hizi, baba, na hata asante hujapewa. Vua viatu uingie. Na gunia liache nje, sitaingia humo."

Wajukuu zangu, alivua. Alivipanga viatu vyake vizuri kando ya mlango kama kijana anayekwenda kuposa. Aliingia ameinama, kwa kuwa mlango wa Subilaga ni mfupi na kila anayepita hulazimika kuinama, na akapiga magoti kwenye sakafu iliyosiribwa juzi. Ufa ulikuwa umefika. Subilaga alinitazama.

"Tupo, unga usiuchanganye mwingi. Sehemu moja kwa tatu."

"Najua, dada. Ulinifundisha."

"Nakukumbusha tu. Una mkono mzito."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na sijawahi kusikia wosia mzuri kuliko huo. Mzoavigae akamnyanyua mikononi, kwa uangalifu, kama mpagazi anavyobeba mzigo ambao mwenye mali anausubiri mbele ya safari na ataukagua. Hakuwa tena bwana wa kitu. Alipotoka nje, jua lilishtuka, likaanza kushuka kwa haraka kama mtu aliyekumbuka kazi zake. Gunia lilibaki uani. Kuku waliamka wakalipekua.

Tulimlilia. Asiwadanganye mtu kwamba tumaini halina machozi. Nililia mpaka sauti ikaisha, nikalia bila sauti. Lakini nililia nikiwa nimesimama.

Udongo nilikwenda kuuchimba mwenyewe katika bonde alilonionyesha. Unga ulitosha chungu kimoja kidogo tu. Sehemu moja kwa tatu. Nilikanda, nikafinyanga, nikakilainisha kwa gunzi la mama yake. Katika nchi ile udongo haukawii, na siku ya tatu ya matanga nilikitoa kwenye majivu, nikakigonga kwa kidole kama tunavyofanya. Kikaitika. Hata hivyo niliogopa. Niliweka mafiga matatu uani mbele ya waombolezaji wote, kama siku ile mbele ya wakwe. Nikawasha moto mwenyewe. Nikatia maji, nikatia maharage. Bibi harusi alikuja akachuchumaa upande wa pili wa mafiga, kitambaa chake cheupe kimejaa vumbi la njia, akakodolea macho kitako cha chungu. Lugano alikuwa ameshika kipande chake cha ungo hewani, amesahau kukishusha.

Maji yakachemka.

Yakachemka zaidi. Moto uliwaka vilevile, na chungu kikatulia juu yake. Nikamchotea bibi harusi wa kwanza, akala, na alipomaliza sikumwona tena, nikasikia tu uzito wa sahani mkononi mwangu mwenyewe na ladha ya maharage mdomoni.

Chungu hicho bado ninacho. Ufa wangu nao umeanza; Andwele aliuona juzi nilipokuwa nanawa. Haujafika popote bado. Ninachowaagiza ni kimoja. Siku atakapokuja kuita mlangoni pangu, mtu asimjibu kwa niaba yangu, hata kwa huruma. Kinu nimekiweka karibu na kitanda. Atasikia natwanga.